Kabati la Vitabu vya Sayansi

Juma hili twataka kusema habari ya vitabu vya sayansi vya vijana wetu, hasa wa upande wa Wamaza, tangu Kasongo hata Kabambare. Kijana wa miaka 13 au 16 ana maswali mengi ambayo daftari la shule halitoshi kuyajibu. Kwa hiyo wazazi na walimu hupenda kufungua chumba cha vitabu, na mara nyingi huanza na sanduku la zawadi kutoka Ulaya. Vyote hupangwa kabatini, vipya kwa vikuukuu, maana nani athubutu kutupa zawadi?

Hapo ndipo penye shida. Kitabu cha hadithi chaweza kusomwa na babu na mjukuu. Cha sayansi huzeeka, na pengine huwa hatari. Tutazame malaria. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1985 chaweza kusema kwamba mgonjwa apewe klorokini, na siku zile lilikuwa shauri jema. Baadaye vijidudu vya malaria viliizoea dawa hiyo, hata nchi ya Kongo ikaiacha mwaka 2001, na mwaka 2005 ikachagua artesuneti na amodiakwini zitumiwe pamoja. Basi kijana asomaye kitabu kile kwa bidii aweza kumpa mdogo wake dawa isiyofaa, huku akidhani ametenda kama mtu mwenye elimu.

Makosa mengine hayaui mtu, ila huaibisha mbele ya mtahini. Vitabu vilivyotangulia mwaka 1956 vilihesabu kromosomu 48 katika chembe ya mwili wa mtu, kumbe ni 46. Vya kabla ya mwaka 2006 huhesabu Pluto kuwa sayari ya tisa.

Twashauri mwalimu wa sayansi na muuguzi wa zahanati walipitie kabati zima mara moja kila mwaka, wakitazama kwanza mwaka wa kuchapishwa. Vitabu vya hesabu, vya umeme na vya nuru vyaweza kukaa sana. Vya magonjwa na dawa vichunguzwe ukurasa kwa ukurasa, na kilichopitwa kiondolewe, hata kama jina la mfadhili limeandikwa ndani kwa wino mzuri.

Nafasi iliyobaki ijazwe nini? Sisi twasema: kwanza mambo ya kwao. Mwaka 2007, huko Opala, wataalamu walimwona kima mchanga wasiyemjua, amefugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wenyeji walimwita lesula tangu zamani. Mwaka 2012 alipewa jina lake la kisayansi, Cercopithecus lomamiensis, na mwaka 2016 ikaanzishwa Mbuga ya Taifa ya Lomami, ambayo sehemu yake imo Maniema. Kitabu cha wanyama cha kabla ya hapo hakimtaji.

Kasongo nayo ina habari yake. Mwaka 1981 gazeti la waganga la Uingereza, Lancet, lilitoa uchunguzi uliofanywa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hata 35. Vijana wangapi wa Kasongo wameusoma? Umeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu akiueleza kwa Kiswahili katika kurasa nne zilizoshonwa kwa uzi, hicho ni kitabu halali, na kiwekwe kabatini pamoja na vile vya Ulaya. Vivyo hivyo karibu na dhahabu ya Namoya: kijitabu kielezacho jinsi mvuke wa zebaki uumizavyo ubongo na figo chafaa huko kuliko picha nyingi za nyota.

Yasalia mambo ya ulinzi. Kabati lisiguse ukuta, na miguu yake isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu, mchwa wasipande. Vitabu vitolewe na kupepewa penye upepo, maana unyevu wa masika huozesha gamu. Daftari la kuazima liwepo, na ufunguo ukae kwa watu wawili, usije ukasafiri Kindu mfukoni mwa mmoja. Tena wasichana watengewe saa yao mara baada ya masomo, kwa kuwa jioni wako mtoni na kwenye kinu.