Mpira wa Injini
Juma hili, kwenye gereji ya kando ya barabara katika mtaa uitwao Kenya, hapa Lubumbashi, nilimwona fundi akiweka kiganja juu ya injini ya Corolla kuukuu iliyoingilia mpaka wa Kasumbalesa, usukani ungali kulia. Gari limesimama, injini ikiwaka, lakini dashibodi inatetemeka na vioo vinalia. "Papa, mpira wa injini umekwisha," akasema, akimwonyesha mwenyewe ufa unaoingia kidole. Mwenye gari akataka kungoja: la zamani hili, ya nini kuligharimia? Namwelewa. Nami niliwahi kungoja, hadi bomba la moshi likapasuka. Mpira mdogo unaobeba injini ukichoka, vyuma vikubwa hupigana. Uzee wa gari si sababu ya kuliacha liumie. Kama injini yenyewe bado nzima, badilisha mpira huo kabla mvua hazijachimba barabara.