Kikulacho Ki Nguoni: Bunilizi za Giza na Urithi wa Wagothi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii yafaa kuwa kipimo cha kwanza kwa mtunzi yeyote anayetaka kuandika bunilizi ya giza kwa kuchota msukumo kutoka kwa utamaduni wa Wagothi. Aghalabu watunzi chipukizi huchota mavazi tu: koti jeusi, wanja mzito, makaburi na popo. Huuacha mtazamo, ambao ndio kiini. Thamani ya fasihi hii haimo katika kutisha, bali katika kumfanya msomaji auone uovu mahali asipoutarajia.

Utamaduni wa Wagothi ulizuka nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, miongoni mwa vijana waliokuwa wafuasi wa muziki uliofuatia panki. Mwaka 1979 kundi la Bauhaus lilitoa wimbo wenye jina la Bela Lugosi, mwigizaji aliyemwigiza Dracula katika filamu ya 1931. Mwaka 1982 klabu ya Batcave ilifunguliwa mtaani Soho, London, ikawa makutano ya vijana hao. Ni bayana kwamba muziki huo ulikula chumvi ya fasihi tangu mwanzo. Nyuma yake mlikuwa na riwaya ya kigothi iliyoasisiwa na Horace Walpole mwaka 1764, ikaendelezwa na Mary Shelley katika Frankenstein (1818) na Bram Stoker katika Dracula (1897). Si ajabu kwamba tangu 1994 Wagothi wamekuwa wakikusanyika katika mji wa Whitby, mojawapo ya mandhari ya riwaya ya Stoker.

Je, riwaya hizo zilifundisha nini? Katika Frankenstein, kiumbe anayeogopwa na wote hupewa nafasi ya kujisimulia. Msomaji anapomsikiliza, hutambua kwamba ukatili wake ulizaliwa na kukataliwa: muumba wake alimkimbia, majirani wakampiga. Mbinu hiyo ya kumkabidhi usimulizi anayetengwa ndiyo mhimili wa utanzu huu.

Hata hivyo, huruma pekee haitoshi. Riwaya ya Lost Souls (1992), iliyochapishwa kwa jina la Poppy Z. Brite, inamsawiri kijana wa Marekani anayeitwa Nothing, mpenda muziki na mavazi meusi, ambaye anatoroka nyumbani kwa wazazi waliomlea ili kutafuta watu wa jinsi yake. Anawapata, nao ni wanyonya-damu. Bei ya kupokelewa kwao ni kushiriki katika mauaji ya rafiki yake mwenyewe. Hapo mwandishi hawapambi waliotengwa kwa sifa za malaika. Anaonyesha kwamba hata jamii ya waliokataliwa yaweza kudai damu. Mtunzi anayewaiga Wagothi bila kulikabili swali hilo huambulia urembo mtupu.

Wapo wahakiki watakaodai kwamba maandishi ya namna hii hutukuza mauti na kuwapotosha vijana. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwa maana kuna kazi nyingi zinazomwaga damu bila dhamira yoyote. Lakini historia yenyewe inatoa jibu zito. Mnamo Agosti 2007, katika mji wa Bacup, Uingereza, binti wa miaka 20 aitwaye Sophie Lancaster alishambuliwa pamoja na mpenzi wake katika bustani ya umma na kundi la vijana wa kawaida, kwa sababu ya sura na mavazi yao ya Kigothi. Sophie alifariki takriban wiki mbili baadaye. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester walianza kuyasajili mashambulizi ya aina hiyo kuwa uhalifu wa chuki. Aliyevaa nyeusi hakuwa jini. Giza lilikuwa kwa waliomcheka, kisha wakampiga mateke.

Fasihi ya Kiswahili haihitaji kuazima kasri la Ulaya ili kuyasema haya. Katika enzi ya ukoloni, masimulizi ya mumiani yalienea Afrika Mashariki, na mara nyingi aliyeshukiwa kunyonya damu hakuwa mnyonge wa kijiji bali mtumishi wa serikali, wakiwemo wazimamoto. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamrudisha mzuka wa babu kumkabili K, mjukuu aliyenufaika na utawala huku umma ukidhikika. Anayetisha katika riwaya hiyo si mfu, bali aliye hai aliyesahau.

Hivyo basi, mtunzi wa Kiswahili anayevutiwa na Wagothi na aazime ujasiri wao wa kukaa na huzuni bila kuikimbia, na wa kumsikiliza anayeogopwa. Koti jeusi alivue. Si lake, na joto la Mombasa halilitaki. Kisha ajiulize, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza: katika jamii hii, ni nani anayeitwa zimwi, na ni nani anayefaidika akiitwa hivyo? Atakayelijibu swali hilo kwa uaminifu atamtisha msomaji kweli, kwa maana atakuwa amemwonyesha nguo zake mwenyewe.