Tupige hodi kabla ya kupiga picha

Upigaji picha wa ridhaa umekuwa mojawapo ya burudani zinazopendwa na wasafiri wetu. Mwisho wa juma, katika barabara itokayo Eldoret kwenda Iten, si ajabu kuwaona vijana wamesimama ukingoni mwa Bonde la Kerio, kila mmoja na kamera yake shingoni. Wengine hushika njia ya Turbo hadi Chepsaita, kunakofanyika mbio za nyika, wakarejea na mamia ya picha. Baadaye huonyeshana walichokipata na kujadiliana kuhusu lenzi walizozitumia.

Mazungumzo hayo yana elimu ndani yake, wala hapana sababu ya kuyabeza. Hata hivyo, yana kasoro moja ambayo aghalabu hupita bila kutajwa. Chini ya picha huelezwa lenzi ni ya milimita ngapi, tundu lake lilifunguliwa kiasi gani, na mwanga uliingia kwa sehemu gani ya sekunde. Yule aonekanaye pichani huitwa tu “mwanariadha wa Kikalenjin”, “mama sokoni” au “mtoto wa kijijini”. Lenzi ina jina la kiwanda chake. Binadamu hana jina. Kwa anayechunguza matumizi ya lugha, jambo hili si dogo. Jina la jumla humwondoa mtu katika utu wake, likamfanya kielelezo cha kabila au cha kazi.

Mtindo huo una historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, kadi za posta zenye picha za watu wa Unguja na Mombasa zilisafirishwa hadi Ulaya. Nyingi zilikuwa na maelezo ya aina ya “mwanamke wa Kiswahili” au “mchukuzi”, basi. Mnunuzi hakutaka kujua zaidi. Kinyume chake ni studio za miji yetu, mathalani Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930. Huko mtu alikwenda kwa hiari yake, amevaa nguo aliyoichagua, akalipia picha na kuichukua nyumbani. Kati ya kadi na studio, teknolojia ilikuwa ya namna moja. Kilichotofautiana ni idhini.

Lugha yetu yenyewe ina funzo hapa. Tunasema kupiga picha, kama tusemavyo kupiga pasi, kupiga kura na kupiga magoti. Si kila kupiga ni kuumiza. Lakini kitenzi hicho hicho ndicho kilichotupa kupiga hodi. Desturi ya wastaarabu ni kubisha mara tatu. Pasipo kusikia “karibu”, mtu hurudi alikotoka. Iweje basi tuogope kuingia ukumbini mwa jirani bila hodi, na tusione haya kuuchukua uso wake?

Hapa ndipo mjadala wa lenzi unapopata uzito ambao wenyewe hawajautambua. Lenzi ya milimita 300 humwezesha mpiga picha kusimama mbali na kuuleta karibu uso wa mtu asiyejua kuwa anatazamwa. Ile ya milimita 35 humlazimu asogee mpaka asikike akisalimu. Lenzi iliyofunguliwa hadi f/1.8 huweza kuifanya nyuma ya mtu iwe ukungu mtupu. Shamba la mahindi la Chepsaita likatoweka, ikabaki sura ambayo ingeweza kuwa ya mahali popote. Kuchagua lenzi, kwa hiyo, ni kuchagua umbali kati yetu na wenzetu. Wanaobadilishana maoni wangefaa kuuliza, zaidi ya kama picha ni kali: je, lenzi hii ilinisogeza kwa mtu au ilinificha?

Wako watakaopinga kwamba kuomba ruhusa huharibu uhalisia, kwani mtu akijua anapigwa picha hujikausha. Watamtaja Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mnamo Oktoba 1984 ziliushtua ulimwengu ukatoa misaada. Hoja hiyo ina nguvu katika habari za dharura, ambapo kuchelewa ni kupoteza maisha ya watu. Msafiri aliyekwenda Iten kujiburudisha hana dharura hiyo. Aidha, si lazima ruhusa itangulie daima. Anaweza kupiga kwanza, kisha akamwendea mhusika, akamwonyesha picha na kuukubali uamuzi wake, hata ukiwa ni kuifuta.

Sheria nayo haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka 2019. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya Nairobi nayo ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja asiyeridhia. Ni kweli kwamba sheria hiyo haigusi mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake. Lakini picha inayosambazwa kwa mamia ya watu wasiojuana ni vigumu kuiita ya nyumbani. Na hata pale sheria isipofika, adabu hufika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapiga picha wetu ni wageni katika vijiji wanavyovipita. Waombe idhini, waulize jina, na mwenyewe akiridhia waliandike mahali pa kwanza, kabla ya milimita za lenzi, kisha warudishe nakala iliyochapishwa kwenye karatasi. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya lenzi. Kwa mama wa Chepsaita, nakala hiyo yaweza kuwa picha ya pekee ya mwanawe kutundikwa ukutani.