Kura, Ruzuku na Hadhi ya Maskini

Maneno haya tunayasikia vijiweni, maofisini na hata nje ya kanisa baada ya Misa: maskini usimpe fedha mkononi, ataimalizia kilabuni. Anayesema hivyo mara chache huulizwa amejuaje. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kudai sababu ya kila kauli inayomhusu mwanadamu. Kauli hii ilikwisha kupimwa, tena hapa hapa Bagamoyo.

Mwaka 2010, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza kulipa ruzuku za majaribio kwa kaya maskini katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingizwa katika utafiti. Ikapigwa kura: vijiji 40 vikaanza kupokea na 40 vikabaki bila ruzuku kwa kipindi cha majaribio, ili hali za pande mbili zilinganishwe. Kamati za vijiji zilishiriki kuzitambua kaya zenye hali ngumu zaidi. Kaya zilizopokea zilipewa masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa waende shule, na wazee wafike kituo cha afya walau mara moja kwa mwaka.

Baada ya miaka takribani mitatu, watoto wadogo wa kaya zilizopokea walikuwa wakiugua siku chache zaidi. Kaya hizo zilitumia zaidi bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii kulipia matibabu. Watoto wao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza darasa la saba. Zilinunulia watoto viatu na kuongeza mifugo. Tuzingatie hayo mawili ya mwisho: sharti lilikuwa kliniki na shule, si viatu wala mifugo. Mzazi maskini alipopata fedha kidogo aliitazama miguu ya mwanawe, na akaifikiria kesho. Hata hivyo, jaribio hili halikuwa na kundi lililopewa fedha bila masharti. Kwa hiyo haliwezi kutuambia masharti yenyewe yalichangia kiasi gani, na asilitumie mtu kudai kwamba maskini lazima asukumwe ndipo atende mema.

Lipo pingamizi zito, nasi hatulikwepi. Je, ni haki kijiji kimoja kipewe na cha jirani kiachwe, ili mtafiti apate kulinganisha? Kant anatukataza kumtumia mtu kama chombo tu, na Mafundisho Jamii ya Kanisa yanasema hadhi ya mtu haipimwi kwa faida yake kwa wengine. Mji ambamo binadamu waliwahi kufungwa minyororo na kuhesabiwa kama bidhaa, na ambamo wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, hauwezi kulichukulia swali hilo kijuujuu.

Hata hivyo tunaona kwamba kura, kwa yenyewe, si dharau. Mitume walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaikubali kura ya kugawa vitu pale ambapo watu hawawezi kupatana kwa njia nyingine. Mfuko usipotosha wote, na wenye uhitaji wakiwa sawa, kura ina haki kuliko undugu, chama au kujuana na mwenyekiti. Udhalimu unaingia pale kura inapotumika ilhali fedha ya wote ipo, au pale aliyeachwa anaposahauliwa baada ya takwimu kukusanywa. Kuanzia mwaka 2012 mpango huu ulianza kupanuliwa nchini, ukafikia zaidi ya kaya milioni moja. Kwa upanuzi wa namna hiyo ndipo jaribio linapata uhalali wake.

Majaribio ya aina nyingine yanatufundisha jambo hilo hilo. Vitabu vingi vya uchumi vilimchora mtu anayejali faida yake peke yake. Katika miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliupeleka mchezo mmoja kwa Waorma wa Kenya. Kila mchezaji anapewa fedha, anachagua kwa siri aweke kiasi gani katika chungu cha pamoja, kisha kilichomo kinaongezwa maradufu na kugawanywa sawa kwa wote. Kwa hesabu ya ubinafsi, mwerevu haweki kitu, anasubiri mgawo. Waorma waliutambua mara moja: huu ni mchezo wa harambee, walisema. Kwa wastani walitoa zaidi ya nusu. Waliingia mchezoni wakiwa na kumbukumbu ya shule walizojenga pamoja. Nasi tulio na jumuiya ndogondogo, rambirambi na michango ya harusi, tusishangae.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, watunga sera wapime kabla ya kuhukumu, na kura ya majaribio ipigwe hadharani, wananchi wakielezwa sababu yake. Pili, matokeo yarudishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, kwa sababu waliojibu maswali ya mtafiti wana haki ya kusikia alichogundua. Tatu, sisi wenyewe. Wengi wetu, Mungu akipenda, tutakuja kukaa na kamati za Caritas parokiani na kuamua nani asaidiwe na kwa namna gani. Siku hiyo mtu akisema mjane fulani asipewe fedha bali apewe unga tu, maana hajui kutumia fedha, tumwombe ushahidi. Na kabla ya kikao kuamua, tumwite mama huyo tumsikilize.