Mbaazi za Karatu zirudi jikoni Karatu

Wilaya ya Karatu inalima karibu kila kinachohitajika katika mlo kamili. Miinuko ya Rhotia, Mbulumbulu na Oldeani hutoa mahindi, maharage, ngwara na mbaazi. Mtama na alizeti huvumilia maeneo ya chini yenye mvua haba, na Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, hulima vitunguu vinavyouzwa hadi Kenya. Hata hivyo sehemu kubwa ya mavuno hayo haifiki jikoni. Mbaazi hukusanywa kwa ajili ya soko la India, na katika kaya nyingi fedha yake hurudi kununua sembe, sukari, maandazi na soda.

Udhaifu wa mtindo huo ulionekana wazi mwezi Agosti 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei ilianguka, na wakulima wa kaskazini wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Zao lenye takriban gramu 20 za protini katika kila gramu 100 lilihesabiwa hasara, na miaka mitano baadaye utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto watatu katika kila kumi walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Chakula kinachowafaa watoto kama hao kilikuwa ghalani.

Ngorongoro imefikia hali ya kutegemea chakula cha kununua kwa njia nyingine. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1959. Kilimo ndani yake kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikazuiwa mwaka 2009. Nafaka ya wafugaji wa Endulen na Nainokanoka kwa hiyo lazima itoke nje, nyingi ikipitia Karatu. Mlo wa zamani wa Wamaasai ulikuwa maziwa mabichi na ya mgando, nyama, na supu iliyochemshwa na magome ya miti kama olkiloriti. Daktari George Mann na wenzake, walioandika mwaka 1964, walikuta maradhi ya moyo ni nadra miongoni mwao licha ya mafuta mengi ya wanyama waliyokula. Leo mifugo kwa kila mtu imepungua, na pengo la maziwa linazibwa na chai ya sukari na ugali wa sembe.

Hata Wahadzabe wa bonde la Eyasi, wachache kuliko majirani zao wote, wana la kufundisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba bakteria wa matumbo yao ni wa aina nyingi zaidi kuliko wa Waitalia waliolinganishwa nao, jambo lililohusishwa na mizizi, ubuyu na matunda ya porini wanayokula. Vyakula hivyo vina nyuzinyuzi nyingi, na nyuzinyuzi ndizo hutupwa mashineni mahindi yanapokobolewa.

Kukoboa huondoa ganda na kiini cha punje. Pamoja navyo huondoka mafuta, madini ya chuma na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, na pumba hiyo hulishwa ng'ombe na nguruwe. Kinachobaki kwa binadamu ni wanga kwa sehemu kubwa. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, huhifadhi vyote. Ikiliwa na mbaazi au ngwara, upungufu wa protini ya mahindi huzibwa na ile ya mikunde, na mgagani, mnavu au mchicha ukiongeza vitamini.

Dona ina sharti moja ambalo si la kupuuzwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Mahindi ya dona yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo, na yapimwe kabla ya kuhifadhiwa. Punje chache hutiwa katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, hutikiswa na kuachwa kidogo. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi.

Kikwazo kingine ni kuni na muda, na mzigo huo huwaangukia wanawake. Mbaazi zilizolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi. Sufuria iliyokwisha kuchemka, ikifunikwa vizuri ndani ya kapu lililojazwa matambara mazito, huendelea kuivisha bila moto. Wanaume na vijana kubeba maji na kuni ni sehemu ya mabadiliko haya ya mlo.

Kaya moja haiwezi kuyafanya peke yake. Mwenye mashine hawezi kutenga siku ya dona kwa mteja mmoja, lakini kitongoji kizima kikikubaliana atatenga. Wazazi wanaochangia mahindi na maharage shuleni wanaweza kuamua kwa pamoja kwamba unga uwe dona, debe la mbaazi liongezwe, na bustani ya mboga ilimwe. Kamati za harusi na misiba zinaweza kupunguza kreti za soda na kuweka togwa na matunda. Wafugaji wa Ngorongoro na wakulima wa Karatu wanaweza kupatana moja kwa moja, dona na mikunde kwa maziwa na mbuzi.

Inauma kwamba mgeni anayepita Karatu kwenda kreta hulipia kwa furaha mboga zilizochumwa asubuhi katika bustani za hoteli, huku mtoto wa jirani akienda shule na andazi. Chakula kile kile kinaweza kuwa cha wote.

Nyenzo zipo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wananchi waulize fedha hiyo imetumikaje, na siku hiyo waifanye ya kupika hadharani. Kabla mbaazi za msimu ujao hazijapakiwa kwenye malori, kila mkutano wa kijiji Karatu na Ngorongoro uweke ajenda tatu: siku ya dona mashineni, mlo wa shule, na magunia ya mikunde ambayo kila kaya itabakiza kwa ajili ya watoto wake.