Uvimbe Kinywani mwa Kichanga

Mama aliyejifungulia Kakuma akiona kinyama kimechomoza katika ufizi wa mwanawe, hofu humtangulia, na mashauri ya majirani hufuatia. Wapo watakaomtaka akikate kwa wembe, kama wale wanaokata vilimi huku kwetu pwani. Asikubali kamwe! Damu ya kichanga ni chache mno.

Uvimbe wa ufizi huweza kuwa epulisi, maradhi aliyoyaeleza tabibu Mjerumani, Neumann, mwaka 1871. Huwapata zaidi watoto wa kike, si saratani, na ukishaondolewa haurudi. Ulio mgumu ni ule wa mishipa ya limfu, unaoujaza ulimi na shingo.

Hatari kubwa haimo katika kisu, imo katika pumzi. Kichanga hutegemea zaidi pua, ulimi wake ni mkubwa kwa kinywa chake, na akiba yake ya oksijeni huisha upesi. Mtu mzima anapopewa nusukaputi, kwa kawaida misuli hulegezwa kwa dawa, ndipo mrija upitishwe kooni. Kwa mtoto huyu, misuli ikilegea mapema uvimbe huweza kuziba njia, na mrija ukakosa pa kupita. Basi mtaalamu humlaza kwa gesi au ketamini huku akipumua mwenyewe, akapitisha mrija mwembamba wa milimita 3 au 3.5 ubavuni mwa kinywa, na daktari mpasuaji akiwa tayari kutoboa koo. Kiuvimbe kidogo chenye kikonyo chembamba huweza kukatwa kwa ganzi tu.

Kutoka Kakuma hadi hospitali ya rufaa ya Lodwar ni kama kilomita 120. Na ikibidi kwenda hospitali kuu ya Eldoret, safari ni ya siku nzima. Njiani mtoto alazwe ubavu. Akiweza kumeza, apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kidogo kidogo kwa kijiko. Midomo ikigeuka rangi ya buluu au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, asingojewe hata saa moja. Na mama akiambiwa asinyonyeshe kabla ya upasuaji, asimwibie mtoto ziwa kwa huruma: maziwa yakipanda huingia mapafuni.

Uvimbe mkubwa huweza kuonekana kwa picha ya tumbo kabla ya kuzaliwa, na mja mzito akapangiwa kujifungulia penye wataalamu. Dada walio Lodwar waulizie kipimo hicho mapema.