Sumaku za Matangazo: Pambo ni la Nani?

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulifika katika shule ya msingi ya kijiji kimoja, upande wa magharibi ya Dodoma mjini, kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa akifundisha Darasa la Pili. Tulipoingia tulifurahi. Kabati la chuma lililokuwa pembeni ya darasa lilikuwa limepambwa kwa maua, kuku, samaki na nyumba za msonge, vyote vimekatwa kwa ustadi na kupakwa rangi. Mwanachuo alitueleza kwamba alikuwa amekusanya zile sumaku bapa za matangazo zinazogawiwa na makampuni na maofisi, akazigeuza kuwa mapambo. Tuliandika alama ya juu katika sehemu ya zana, kisha tukamwuliza binti mmoja aliyeketi karibu na kabati kwamba yeye alikuwa ametengeneza lipi. Alitujibu kwa adabu: “Ni za mwalimu. Haturuhusiwi kuzigusa.”

Jibu hilo lilitufedhehesha, kwa sababu alama ilikwisha kuandikwa. Mazoezi yalipomalizika, mwanachuo yule alizibandua sumaku zake zote akarudi nazo chuoni. Kabati likabaki tupu kama alivyolikuta. Hatumlaumu yeye peke yake. Alikuwa amejifunza kutoka kwetu kwamba zana ni kitu cha kumwonyesha mkaguzi. Ndiyo maana tumeona yafaa tutoe maoni yetu juu ya jambo hili, ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo.

Sumaku hizi hazikosekani Dodoma. Tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake hapa, kufuatia tamko la mwaka 2016, maofisi yameongezeka, na pamoja nayo kalenda, vibandiko na vijizawadi vya kila namna. Mtu akizunguka katika viwanja vya Nzuguni wakati wa Nane Nane hurudi nyumbani na mfuko wa vitu ambavyo hakuviomba. Sumaku ya tangazo imekusudiwa kubandikwa juu ya jokofu. Lakini katika nyumba nyingi za vijijini mwetu hakuna jokofu, kwa hiyo hutupwa sandukuni au jalalani. Kuiokota na kuitumia ni jambo jema. Swali letu ni hili: itumiwe na nani, na kwa kazi gani?

Kwanza, hapana budi mwalimu akielewe kifaa chenyewe. Sumaku hizi bapa hutengenezwa kwa unga wa madini ya feriti uliochanganywa na mpira au plastiki. Kwa hiyo hukatika kwa mkasi wa kawaida, na kila kipande, hata kikiwa kidogo, hubaki kuwa sumaku kamili. Nguvu yake imepangwa kwa mistari myembamba, ncha ya kaskazini ikifuatana na ya kusini, na aghalabu imeelekezwa upande mmoja tu. Ndiyo maana upande wenye tangazo hauvuti kama upande wa nyuma. Ukizisugua sumaku mbili, migongo ikitazamana, utahisi zinaruka-ruka kama gari lipitalo katika barabara yenye makunyanzi. Mtoto akilihisi jambo hilo kwa vidole vyake ataanza kuuliza maswali ambayo hakuna picha ya kitabuni iwezayo kumtoa mdomoni.

Pili, mwalimu ajue kwamba ubao wetu wa saruji au wa mbao hauvutwi na sumaku. Atafute kipande cha bati la zamani la kuezekea, akinyooshe, na akingo zake azikunje kwa nyundo na kuzifunika kwa kitambaa ili zisiwakate watoto. Bati la chuma lililopakwa zinki hushika sumaku barabara; bati la aluminiamu halishiki. Tofauti hii isifichwe, kwani ni somo. Kabla ya kupamba, watoto wapewe vipande vya sumaku wapite navyo darasani na uwanjani, na kila mmoja aseme kwanza anavyodhani, ndipo ajaribu: jembe, msumari, sufuria, mguu wa dawati, sarafu, ndimi za malimba ya babu yake. Wengi watashangaa kwamba sufuria inayong'aa kuliko jembe haivutwi kabisa. Mtoto aliyeshangaa hivyo ameanza kufikiri, na kazi ya mikono haijaanza bado.

Tatu, tuje kwenye pambo. Watu watasema kwamba katika darasa la watoto 90 haiwezekani kila mtoto akatengeneza lake. Tufanye hesabu. Sumaku moja yenye urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 6 hutoa vipande 15 vya sentimita 2 kwa 2. Sumaku 6 za namna hiyo hutoa vipande 90. Mwalimu mwenye mkasi mmoja aweza kuzikata zote jioni moja nyumbani kwake. Mkasi ukiwa mmoja, mwalimu akate. Lakini kuchora, kupaka rangi, kuchagua na kubandika kuwe kwa watoto.

Vifaa vingine vimetuzunguka: karatasi ngumu za maboksi, vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, punje za mtama na uwele, mbegu za ubuyu, na gundi ya uji wa unga. Mifano ya kuchora pia haihitaji kutafutwa mbali. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina wanyama na watu warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu. Na vibuyu vya Wagogo vina nakshi ambazo bibi wa mtoto aweza kuzieleza kuliko mkufunzi yeyote. Mtoto aulizwe nyumbani kwao kuna nakshi gani, aje aichore. Kwa njia hiyo pambo litatoka katika maisha yake, wala halitakuwa nakala ya ua ambalo hajapata kuliona likichanua.

Hapa somo la pili la sayansi litajitokeza lenyewe. Kipande cha sentimita 2 hakina nguvu nyingi. Mtoto aliyebandika mbegu nyingi za ubuyu ataliona pambo lake likiteleza na kuanguka. Mwalimu asikimbilie kumsaidia. Amwache apunguze mbegu, au aazime kipande cha pili, au agundue kwamba karatasi nene iliyowekwa kati ya sumaku na bati ndiyo iliyodhoofisha mvuto. Pambo lililoanguka mara mbili likasimama mara ya tatu lina mafunzo kuliko pambo zuri lililoletwa likiwa tayari.

Nne, tusisahau kwamba sumaku hizi zilikuja na maneno. Tangazo ni sauti ya mtu anayeuza kitu. Likibaki wazi juu ya bati la darasa, mtoto anayejifunza kusoma atalisoma kila asubuhi, na shule itakuwa imemtangazia mfanya biashara bila malipo na bila kufikiri. Kwa hiyo uso wa tangazo ufunikwe wote, na juu yake mtoto aandike la kwake: herufi, silabi, tarakimu, au jina lake. Baada ya hapo mapambo yatafanya kazi. Herufi zitasogezwa na kuunda maneno, tarakimu zitapangwa, na kila asubuhi mtoto atahamisha jina lake kutoka upande wa “sijafika” kwenda upande wa “nimefika”. Katika darasa kubwa, ambamo mtoto aweza kupita wiki nzima bila kuitwa jina, jambo hilo la mwisho lina uzito wake.

Tunatoa tahadhari mbili. Sumaku bapa zisichomwe moto, maana moshi wa mpira na plastiki una madhara. Na zile sumaku ndogo za duara, ngumu na zenye nguvu nyingi, zinazotolewa katika vifaa vya umeme vilivyoharibika, zisipewe watoto wadogo hata kidogo. Mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya tumbo na kuubana utumbo hata kuutoboa. Akishukiwa kumeza, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili.

Wako watakaosema kwamba tunakuza jambo, na kwamba darasa zuri, hata likipambwa na mwalimu peke yake, huwafurahisha watoto. Hatukatai. Mwalimu anayekesha akipamba darasa lake ana moyo wa kazi. Lakini Mwalimu Nyerere, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, hakutaka mikono ya kufanya kazi tu. Alitaka pia akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kutokana na ya wengine, kuyakataa au kuyageuza yafae mahitaji yetu. Kuchukua tangazo la mtu na kuligeuza kuwa herufi ya mtoto ni mfano mdogo wa uwezo huo. Kumkataza mtoto asiiguse herufi hiyo ni kumnyima uwezo wenyewe na kumwachia picha yake.

Nasi wakufunzi tuna deni. Tangu siku ile, kabla hatujaandika alama ya zana tunauliza maswali matatu: Nani ameitengeneza? Inafanya kazi gani katika somo la leo? Mwanachuo akiondoka, kitabaki nini? Maswali haya tunamwuliza mwanachuo, kisha tunamwuliza mtoto aliye karibu, na majibu yao yasipolingana tunalisadiki la mtoto.

Basi, wanachuo wenzetu, mtakapokwenda katika mazoezi, chukueni sumaku zenu, lakini msizipambe usiku chini ya taa. Zipelekeni darasani zikiwa bado na matangazo yake, muwaulize watoto ni kitu gani hiki na chaweza kufanywa nini. Mapambo yatakayotokea huenda yakawa ya kupinda, na rangi zitavuka mipaka. Yabandikeni hivyo hivyo, kwa urefu ambao mkono wa mtoto unaufikia. Na siku ya kuondoka, yaacheni.